Kioo cha Mbele na Haraka ya Barabarani

Hotuba kwa madereva, mafundi na wajumbe wa wananchi wa mipakani, iliyotolewa Kampala

Baadhi yenu mmetoka Busia na Malaba, wengine Mutukula, na wako waliolala njiani wakitokea Katuna na Elegu, mwendo unaozidi kilomita 400 kabla ya kuiona Kampala. Hatukuwaita ili tuwasomee sheria tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Tumewaita tuzungumze juu ya kitu ambacho dereva hukitazama kutwa nzima pasipo kukiona, nacho ni kioo cha mbele cha gari.

Kuna sababu mbili za kukichagua. Ya kwanza ni kwamba kioo hiki kinatugombanisha. Katika mikutano yetu na wananchi hatukosi dereva wa kusimama na kusema kwamba alisimamishwa kizuizini kwa ufa usiozidi urefu wa kidole, akapoteza nusu siku. Ya pili ni nzito zaidi, na tutaifikia baadaye: kuna vioo vinavyobadilishwa upesi hapa mjini kwa sababu mwenye gari hataki kiulizwe kilivunjwa na nini.

Tuanze na kioo chenyewe. Kioo cha mbele cha gari la siku hizi ni vioo viwili vilivyobanwa pamoja, na katikati yao umo utando mwembamba wa plastiki unaovishika. Kioo cha mlango ni cha namna nyingine. Hicho hupashwa moto mkali kisha kupozwa ghafla, ili kikivunjika kimwagike chembechembe kama punje za mahindi, kisimkate mtu. Cha mbele kimetengenezwa ili kikipasuka kisianguke, kibaki mahali pake kikiwa na nyufa zake, dereva apate kuliona jani la barabara mpaka asimame. Husimuliwa kwamba mwaka 1903 mkemia wa Ufaransa, Édouard Bénédictus, aliangusha chupa katika maabara yake, ikapasuka isitawanyike, kwa kuwa dawa iliyokaukia ndani yake ilikuwa imeacha utando. Alisajili uvumbuzi wake mwaka 1909. Yeyote aliyewahi kurushiwa kokoto na lori akafika nyumbani na macho yake mawili ana deni kwa chupa ile.

Kioo hicho kina kazi nyingine isiyoonekana. Gari likipinduka, kioo kilichoshikamana vema na fremu husaidia kulizuia paa lisibonyee juu ya vichwa vya watu. Katika magari mengi yenye mifuko ya hewa, mfuko wa abiria hufumka ukiegemea kioo hicho. Kikiwa hakikushikwa sawasawa, mfuko unakisukuma nje, na abiria anaufuata. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kubadilisha kioo, msidhani tunazungumzia urembo wa gari.

Sasa tuseme jinsi kinavyoharibika. Ninyi wa barabara ya Jinja mnalijua hili kuliko sisi. Lori la kokoto lisilofunikwa turubai linapita, jiwe moja linadondoka, gurudumu linalipiga, nalo linaruka. Ukiwa unakwenda kilomita 80 kwa saa, na gari lililolirusha linakuja upande wako kwa mwendo huo huo, jiwe halikupigi kama mtoto alivyolitupa, bali kwa nguvu ya mwendo wa magari yote mawili. Ukiwa nyuma ya lori, dawa yake ni nafasi. Acha nafasi kubwa, na zaidi ya hiyo kwenye barabara ya udongo, hata kama aliye nyuma yako anapiga honi. Ninyi mnaobeba mchanga na mawe, funikeni mzigo. Turubai halizidi bei ya kioo cha mwenzako.

Jiwe likishapiga, mara nyingi huacha kishimo kidogo tu, na dereva husema, "Hiki kitangoja." Hakingoji. Mchana gari limeegeshwa juani, kioo kimewaka. Jioni mvua ya Kampala inashuka, au utingo anakimwagia ndoo ya maji baridi ili kuondoa vumbi, na ufa unatembea kutoka kona hadi kona mnautazama. Shimo moja la barabarani nalo latosha, maana fremu ya gari hujipinda kidogo kila linapoingia shimoni, na ufa hufuata njia hiyo.

Hapo ndipo uamuzi wa mapema unapookoa fedha. Kishimo kisichozidi ukubwa wa sarafu, kisichofika ukingoni mwa kioo, na kisicho mbele ya macho ya dereva, huweza kuzibwa. Fundi hunyonya hewa iliyomo, huingiza gundi nyepesi, huikausha kwa mwanga, na ufa hauendelei. Alama ndogo hubaki. Asiyewaambia hivyo anawadanganya. Gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kioo kizima. Lakini kishimo kilichokaa miezi miwili kimejaa vumbi na maji, na gundi haishiki uchafu. Basi siku ile ile kioo kilipopigwa, futa kwa kitambaa kikavu na ubandike kipande cha selotepu safi juu ya kishimo mpaka umfikie fundi. Kila dereva anaweza kufanya hivyo hata akiwa katikati ya msitu wa Mabira.

Wapo wanaosema, "Ufa wangu uko upande wa abiria, haunizuii kuona." Kwa dereva asiyetoka Uganda, Kenya na Tanzania, pengine tungemvumilia kidogo. Kwa ninyi mnaovuka Mpondwe kwenda Kongo, Katuna kwenda Rwanda na Elegu kwenda Sudan Kusini, hoja hiyo haisimami. Huku kwetu tunapita kushoto, na usukani uko kulia. Mkivuka mpaka huo mnapita kulia, na usukani ungali kulia. Dereva amekaa upande wa ukingo wa barabara, na gari linalokuja mbele yake analiona kupitia upande wa kushoto wa kioo, upande ule ule wa abiria aliokuwa akiudharau. Anapotaka kulipita lori, ufa ule umesimama mahali hasa anapotazama. Jua la jioni likiupiga, unang'aa kama waya. Mwendesha baiskeli hutoweka nyuma ya waya huo.

Ikiwa kioo hakizibiki tena, kibadilishwe. Hapa mjini mnajua pa kwenda. Soko la Kisekka na mitaa ya mafundi ya Ndeeba si wageni kwenu. Hatutawachagulia duka, ila tutawaambia mambo tunayoyatazama sisi wenyewe gari linapoletwa kwa mkaguzi.

Tazama kona ya kioo. Kioo cha kweli kina maandishi yaliyochorwa humo na kiwanda, yanayotaja aina yake. Kama hayapo, au yamekwaruzwa, uliza sababu. Kioo kilichotumika si haramu, wala hatuwazuii kukinunua, lakini kitazame juani kwa kukiinamisha: kama waipa zilikikwaruza kwa miaka kumi, usiku wa mvua taa za magari yanayokuja zitatawanyika juu yake hata usione kitu. Unanunua upofu kwa bei nafuu.

Kisha tazama fremu kioo cha zamani kinapotolewa. Hapa fundi mwema na fundi wa haraka huachana njia. Magari ya zamani na malori mengi hushika kioo kwa raba; hayo kazi yake ni nyepesi, bali raba iliyokauka na kupasuka ibadilishwe pamoja na kioo. Magari mengi ya sasa hushika kioo kwa gundi maalumu. Fundi mwema huikata gundi ya zamani akabakiza tabaka jembamba, husafisha, hutazama kama kuna kutu, na akiikuta huikwangua na kupaka rangi kabla ya kuendelea. Gundi haishiki kutu. Hutazama pia tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye bomba la gundi. Silikoni ya kuzibia madirisha ya nyumba na mabafu haishiki kioo cha gari, hata kama inafanana nayo kwa rangi, na hata kama aliyeipaka amekwambia kwamba ameitumia miaka mingi.

Halafu inakuja saa ya majaribu. Kioo kimewekwa, kinapendeza, jua linatua, na mzigo unangojwa Busia, kilomita 200 kutoka hapa. Fundi amelipwa, dereva amekwisha kupiga simu mara tatu. Gundi bado mbichi. Nyingine hukauka kiasi cha kutosha kwa muda wa saa moja au mbili, nyingine huhitaji siku nzima, kwa kuwa hukauka kwa unyevu wa hewa, nayo hewa hubadilika. Muda huo umeandikwa kwenye bomba. Msomeeni dereva maandishi hayo, enyi mafundi, na kama hayasomeki msimruhusu aondoke kabla ya kesho. Twajua tunachokiomba. Twajua kwamba siku moja ya lori kukaa bure ni karo ya mtoto, na kwamba tajiri wa gari hakai kibandani kuona gundi ikikauka. Yeye huuliza tu kwa nini mzigo umechelewa. Ndiyo maana leo tumewaalika na wamiliki, na tunawaambia mbele ya madereva wao: siku ya kubadilisha kioo ihesabiwe kuwa siku ya kazi. Msimkate mtu mshahara kwa kungoja gundi.

Gari likiwa linangoja, acheni dirisha moja wazi kidogo, kwa sababu mlango ukibamizwa, hewa iliyofungiwa ndani hukisukuma kioo. Msibandue utepe aliouweka fundi. Kwa siku mbili tatu za mwanzo msilipeleke gari kuoshwa kwa mashine ya maji ya nguvu. Baada ya hapo kazi ya kulinda ni ndogo. Badilisheni raba za waipa zikianza kulia, na kwenye vumbi msiziendeshe kavu, kwani mnasugua kioo kwa mchanga. Palipo na kivuli, egesheni kivulini.

Juu ya bima tuseme kwa ufupi, maana wengi hukosea. Bima ya lazima, ile ya mtu wa tatu, iko kwa ajili ya mtu utakayemuumiza, si kwa kioo chako. Kadi ya Njano ya COMESA mnayoibeba mkivuka mpaka nayo hulinda haki ya huyo mwingine katika nchi unayoiingia, haitakununulia kioo. Bima kubwa ndiyo huweza kukilipa, na mara nyingi ina kikomo chake, kwa hiyo soma hati kabla ya kuvunjikiwa. Na kama kibandiko cha bima kiko kwenye kioo kinachotolewa, usikitupe pamoja na kioo. Beba mabaki yake pamoja na risiti ya fundi, uende kwa mwenye kukutolea bima akupatie kingine. Dereva anayetueleza kizuizini kwamba kibandiko kilikwenda na kioo, huku akionyesha risiti ya juzi, tunamwelewa upesi kuliko anayeeleza kwa maneno matupu.

Kuna jambo jingine la Kampala ambalo ninyi wa mipakani huliona kama desturi ya ajabu. Magari mengi ya hapa yamechorwa namba ya usajili kwenye vioo, kwenye taa na kwenye vioo vya pembeni. Sababu ni wezi wa foleni, wanaong'oa kioo cha pembeni dereva akiwa ndani anatazama. Kilichochorwa namba hakiuziki kirahisi. Ukibadilisha kioo, kipya hakina namba, kichore. Na ukinunua kioo kilichotolewa katika gari jingine, chenye namba ya gari hilo, usikifute kimya kimya. Mdai muuzaji risiti yenye jina lake na namba hiyo, uiweke garini. Namba ya kioo ikitofautiana na ya kibati, askari wa mpakani ana wajibu wa kuuliza, na gari la wizi huulizwa hivyo hivyo.

Sasa tufike kwenye jambo zito tuliloliahidi.

Kioo kilichovunjika hueleza kilivyovunjwa. Jiwe huacha kishimo upande wa nje, na nyufa hutoka hapo kama miale. Kichwa cha abiria asiyefunga mkanda hukisukuma kioo kitokeze nje kama mgongo wa bakuli. Mwili wa mtu aliyegongwa barabarani hukibonyeza kuelekea ndani, kwa kawaida upande wa chini, na katika nyufa hubaki nyuzi za nguo, nywele, damu. Mkaguzi wa magari wa polisi huvisoma vitu hivyo. Kwa familia iliyomwokota mtu wao alfajiri kando ya barabara, pasipo shahidi wala namba ya gari, kioo hicho pengine ndicho shahidi pekee aliyebaki duniani. Kikitupwa jalalani Kampala, familia ile haitapata jibu wala fidia, na mama atazeeka akijiuliza kama mwanawe alikufa papo hapo au alilala pale akiita.

Kwa hiyo twawaomba madereva. Ukigonga mtu, simama. Ukihofia hasira ya watu waliokusanyika, nasi twajua kwamba hofu hiyo si ya bure, basi nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukajisalimishe na gari lako likiwa kama lilivyo. Usilioshe. Usilipeleke kwa fundi hata kama umeambiwa na mwenye gari. Ajali ni ajali na ina utaratibu wake; kuficha alama zake ni kosa jingine, nalo umelifanya ukiwa umetulia na kufikiri.

Nanyi mafundi, hatuwageuzi kuwa wapelelezi. Lakini mkiletewa gari usiku, kioo kimeingia ndani, kwenye waipa kuna nyuzi za kanga au shati, na mwenyewe anasema ni mbuzi, piga simu 999 au 112 kabla ya kukitoa. Zote mbili ni za polisi, na si lazima umkabili mtu huyo. Zungumza naye juu ya bei. Twajua mnaweza kuzungumza juu ya bei muda mrefu. Na kama kioo kimekwisha kutolewa, kihifadhini nyuma ya kibanda, msikivunje.

Wazee na walimu, lenu ni mawe ya watoto. Karibu na maegesho ya malori mipakani wapo watoto wanaoona mchezo katika kulenga kioo cha lori linalopita. Hawajui kwamba jiwe dogo la mkono wao, lori likiwa mwendoni, linaweza kumfanya dereva apoteze njia na kuingia katika nyumba ya mtu. Mweleze mtoto hilo, naye ataelewa. Tukimkamata sisi, ataelewa jambo jingine kabisa. Tungependa mwenyekiti wa kijiji na mwalimu walimalize kabla halijatufikia.

Tumebakiza lalamiko mliloanza nalo ninyi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1998 haimruhusu mtu kuendesha gari lenye ubovu wa hatari. Ufa unaozuia macho ya dereva, au kioo kinachocheza katika fremu, ni ubovu wa hatari, na askari anayekusimamisha kwa hayo anafanya kazi yake. Kishimo cha ukubwa wa kucha kwenye kona ya juu si sababu ya kukukalisha nusu siku. Ukiandikiwa faini ya papo hapo, unapewa karatasi, na fedha zinalipwa benki. Hazilipwi mkononi mwa mtu, wala chini ya kitabu, wala kupitia simu ya askari. Akikuomba hivyo, chukua jina na namba iliyo kifuani pake, uje nazo kwa mkuu wake. Wapo mtakaouliza kwa nini na gari letu la doria lina ufa. Lina ufa, ni kweli. Lililetwa hapa leo kwa makusudi, liko pale nje chini ya mwembe, na ninyi mlipoingia baadhi yenu mmelicheka. Ufa huo ulianza kama kishimo, tukasema kitangoja.

Basi tutoke sote tuelekee huko. Fundi mmoja kati yenu amekubali kukitoa kioo hicho mbele yetu na kuweka kingine, polepole, akieleza kila hatua. Wanaotaka kujaribu kuziba kishimo, kuna vioo vibovu vitatu vimelazwa kwenye meza. Gari letu litalala hapa hadi kesho asubuhi gundi ikauke, nasi tutarudi kituoni kwa miguu.